"Sikumuuzia, nilimpa tu"

Watu wazima wanaoshtakiwa kwa kumpa mtoto dawa za kulevya huja na utetezi uleule: "Wakili, sikuuza. Nilimpa tu." Wanadhani wamejinasua, kumbe wameshakiri. Katika nchi nyingi kosa ni kugawa, pesa iwepo isiwepo. Msokoto uliopokezanwa kijiweni unatosha. Hata tembe za usingizi alizoandikiwa mtu mzima na daktari, akimpa mtoto wa jirani, zinaweza kumfikisha kizimbani.

Umri wa mpokeaji ndio unaopandisha adhabu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988, uliopitishwa Vienna, unataka mahakama ziweze kulihesabu kosa kuwa zito zaidi pale watoto wanapodhuriwa au kutumiwa, au linapotendeka shuleni na jirani yake. Nchi zimelitekeleza hilo kila moja kivyake. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho huongeza kikomo cha adhabu maradufu kwa mwenye miaka 18 na kuendelea anayemgawia aliye chini ya miaka 21. Akirudia, mara tatu. Ndiyo, kijana wa miaka 19 anaweza kunaswa kwa kumgawia mwenzake wa 20. Uingereza wao wanaangalia pia saa: kuuza karibu na shule wakati watoto wanaitumia, au ndani ya saa moja kabla au baada ya hapo, kunaongeza uzito wa kosa.

"Sikujua umri wake" nayo haifiki mbali. Mahakama kadhaa za rufaa za Marekani zimekataa kuulazimisha upande wa mashtaka uthibitishe kwamba mshtakiwa aliujua. Na kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba, hilo halimwokoi mtu.

Kinachonikera zaidi ni wanaomtuma mtoto apeleke mzigo, wakiamini polisi hawatampekua. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 182 wa mwaka 1999 unaweka jambo hilo kwenye ajira mbaya kabisa za watoto, na kwa sheria za Marekani na Uingereza aliyemtuma hujiongezea adhabu.

Ninapopokea jalada la namna hii, kwanza nasoma hati ya mashtaka. Umri au mahali vikitumika kupandisha kikomo cha adhabu, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2000 kwamba lazima vithibitishwe bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Cheti cha kuzaliwa kisipoletwa, nauliza umri umejulikanaje.