Kujaza SF-86 ukiwa na ndugu Afrika Mashariki

Kibali cha usalama cha serikali ya Marekani, yaani ruhusa ya kuona habari za siri za serikali, hakiombwi na mtu binafsi. Unapata kazi kwanza, kisha idara ya serikali au kampuni yenye mkataba nayo inakudhamini. Anayekutoza pesa ili akutafutie kibali ni tapeli, kwa sababu mwombaji halipi hata senti. Na lazima uwe raia; kadi ya kijani haitoshi.

Ukishadhaminiwa utafunguliwa mfumo wa mtandaoni wa eApp ujaze SF-86, fomu ya maswali ya kibali hicho. Kabla hujaanza, kusanya anwani na kazi zako zote za miaka 10, pamoja na miezi uliyokaa bila kazi, na safari za nje za miaka 7. Tarehe zipokezane, mwezi usibaki wazi. Sanduku la posta halihesabiwi kuwa makazi: kama uliishi Buguruni au Kayole, andika mtaa na nyumba ilipo.

Watu wetu hukwama zaidi sehemu ya 18 hadi ya 20. Sehemu ya 18 inataka wazazi, watoto, wakwe, na ndugu wote, wakiwemo wa baba mmoja mama mbalimbali, hata kama hamjaonana tangu utotoni. Hujui mama alizaliwa tarehe ngapi? Kadiria, kisha weka alama kwenye kisanduku cha makadirio. Baba mdogo, shangazi na binamu hawamo humo. Lakini yule binamu mnayepigiana simu kila wiki, kama si raia wa Marekani, anaingia sehemu ya 19, ya watu wa nje ulio karibu nao.

Sehemu ya 20 inauliza mali ya nje na misaada ya fedha. Kiwanja Kibaha, akaunti ya benki Nairobi, hisa kwenye chama: vyote andika. Ada za wadogo zako na dawa za mama pia, kwa makadirio ya kiasi na mara ngapi unatuma. Kumtunza mzazi si kosa, ila kuficha jambo hilo kwenye fomu kunaweza kuwa jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5.

Uamuzi hupimwa kwa vigezo 13 vinavyotumika tangu Juni 2017. Uraia pacha peke yake haukunyimi kibali, mradi unaingia na kutoka Marekani kwa pasipoti ya Marekani. Mimi ningehofia zaidi madeni. Fomu inauliza yaliyochelewa zaidi ya siku 120, na kodi ambazo hukuzitolea hesabu. Chukua ripoti yako ya mikopo mapema, panga malipo na mdai, utunze risiti. Kama ulivuta bangi, nayo itaje hata kama jimbo lako linairuhusu; sheria ya shirikisho bado inaikataza.

Mchunguzi atakuhoji, na huenda akaongea na majirani na wakubwa wako wa kazi. Ukikumbuka ulichosahau, mwambie kabla hajakuuliza. Wakikusudia kukunyima watakuandikia sababu. Mfanyakazi wa kampuni yenye mkataba na Wizara ya Ulinzi ana siku 20 za kujibu, na ajibu hoja moja moja kwa nyaraka, si kwa barua ya kuomba huruma.

Ukipata kibali, ukaguzi hauishi, maana rekodi zako hufuatiliwa muda wote. Hata safari ya Desemba kwenda kuwaona wazee, mwarifu ofisa usalama wa kazini kwako kabla hujaondoka.