Dawa za Magonjwa ya Hisia: Kwa Nini Wagonjwa Huziacha, na Yale Wanayopaswa Kuambiwa Mapema

Katika kliniki ya afya ya akili hakuna swali linalotufunulia mengi kama hili: "Dawa uliacha kumeza lini?" Mtu aliyekuwa amepata nafuu, akarudi shambani au dukani kwake, huletwa tena na ndugu zake akiwa hajalala kwa usiku wa nne mfululizo, anaongea pasipo kupumua na amekwisha kugawa mtaji wake wote, na tukiuliza kwa upole hugundulika kwamba aliacha vidonge wiki kadhaa nyuma, kimya kimya, bila kumwambia mkewe wala muuguzi. Mara nyingi hakuviacha kwa ukaidi. Aliviacha kwa sababu mikono ilikuwa ikimtetemeka, au mwili ulinenepa, au nguvu za kiume zilimpungua, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba mambo hayo hutokea na kwamba yanaweza kurekebishwa. Ninaandika kwa ajili yake na kwa ajili ya wale wanaoishi naye, na ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi tunaowahudumia hapa Uganda, kuanzia Busia na Arua hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hupewa maelezo ya dawa kwa lugha wasiyoielewa vizuri.

Hisia za binadamu hupanda na kushuka, na huko si kuugua. Aliyefiwa hulia, na baada ya muda hucheka tena. Tunasema ni ugonjwa pale hali ya moyo inapoganda chini au juu kwa siku nyingi, ikaharibu usingizi, hamu ya kula, kazi na uhusiano wa mtu na watu wake. Sonona ni ile ya kuganda chini: kwa muda usiopungua wiki 2, karibu kila siku, mtu hukosa furaha hata kwa mambo aliyoyapenda, huchoka bila kufanya kazi, hujilaumu, na pengine hutamani kufa. Kwetu, mgonjwa wa sonona ni nadra kusema kwamba ana huzuni. Husema kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio, ana mawazo mengi. Naye hupimwa malaria mara tatu kabla ya mtu kumuuliza habari za moyo wake. Waganda wana neno *okwekyawa*, yaani kujichukia, nalo linaieleza hali hii vizuri kuliko istilahi zetu nyingi. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Masaka na Rakai, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba wagonjwa waliokutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kazi hiyo wala si madaktari, walipata nafuu kubwa mno. Kwa hiyo si kila sonona inahitaji vidonge, na mtoa huduma anayekimbilia kuandika dawa bila kumsikiliza mgonjwa hajaimaliza kazi yake.

Ugonjwa wa bipola ni tofauti, kwa maana humpeleka mtu chini kwa kipindi fulani, kisha humpandisha juu, katika hali iitwayo mania. Mwenye mania halali wala hachoki, ana mipango mikubwa isiyo na msingi, hutumia fedha ovyo, hukasirika anapozuiwa, na baadhi huamini kwamba wametumwa na Mungu. Familia nyingi hufikiri ni pepo. Sina ugomvi na sheikh wala mchungaji, kwani dua na matibabu vinaweza kwenda pamoja. Ninachoomba ni kwamba mgonjwa asifungwe kamba, asinyimwe chakula, na asicheleweshwe. Mtu aliyebadilika ghafla akiwa na homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu malaria ya ubongo na maambukizi mengine huweza kumfanya mtu aonekane amerukwa na akili. Jambo jingine ambalo wagonjwa wenyewe hawana budi kulitaja ni historia ya vipindi vya juu, kwa kuwa dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mwenye bipola inaweza kumrusha kwenye mania.

Sasa nije kwenye dawa zenyewe, nikianza na lithiamu, ambayo inafaa sana na inahitaji uangalifu kuliko nyingine. Matumizi yake katika tiba ya mania yalielezwa mwaka 1949 na daktari wa Australia aitwaye John Cade, na hadi leo ni miongoni mwa dawa chache zinazojulikana kupunguza vifo vya kujiua. Lithiamu ni aina ya chumvi, na figo huishughulikia kama inavyoishughulikia chumvi ya chakula. Mwili ukipoteza maji na chumvi kwa kuharisha, kutapika au kutoka jasho jingi, figo hujaribu kuihifadhi chumvi iliyobaki, na pamoja nayo huirudisha lithiamu kwenye damu. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akimeza dozi ile ile kwa mwaka mzima anaweza kudhurika ndani ya siku mbili za kuhara. Kiwango kinachotakiwa katika damu kwa kawaida ni kati ya 0.6 na 1.0 milimoli kwa lita, na kikipita 1.5 sumu huanza kuonekana. Nafasi kati ya tiba na madhara ni nyembamba. Kiu na kutetemeka kidogo kwa vidole ni mambo ya kawaida. Lakini kutetemeka kwa nguvu, kuyumba kama mlevi, ulimi kuwa mzito, kutapika na kuchanganyikiwa ni dalili za sumu: usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali mara moja.

Anayetumia lithiamu asinunue ibuprofeni wala diklofenaki dukani kwa ajili ya maumivu ya mgongo, kwa kuwa hupandisha kiwango chake. Parasetamo ni salama zaidi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu nazo hupandisha kiwango cha lithiamu. Asipunguze chumvi ghafla, anywe maji ya kutosha, na Mwislamu anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake wiki kadhaa kabla, si baada ya kuanza saumu. Kiwango cha lithiamu, figo na tezi ya shingo vipimwe mara kwa mara. Mahali pasipo na kipimo hicho ni afadhali kuchagua dawa nyingine kuliko kumpa mtu lithiamu kwa kubahatisha.

Kabamazepini hutumika kwa bipola na kwa kifafa pia. Hulifanya ini kuzivunja dawa nyingine haraka, hivyo vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango huweza kushindwa kufanya kazi, na dolutegraviri, iliyomo katika dawa za kupunguza makali ya VVU wanazomeza watu wengi nchini, hupungua nguvu hadi dozi yake ilazimike kuongezwa. Mgonjwa anayeificha kadi yake ya kliniki ya VVU kwa aibu anajiweka hatarini bila kujua. Upele ukitokea, hasa wenye malengelenge au vidonda mdomoni, ni wa dharura. Valproeti, dawa nyingine ya bipola na kifafa, isitolewe kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ikiwa njia nyingine ipo: takriban mtoto 1 kati ya 10 waliopitia dawa hiyo tumboni huzaliwa na kasoro ya mwili, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya kukua kiakili. Hata hivyo, aliyekwisha kupata mimba asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, aje upesi.

Kuna tukio moja linalowatisha watu kuliko yote. Kijana aliyechomwa jana sindano ya haloperidoli, dawa ya kutuliza mania, leo shingo imempinda, macho yamegeukia juu, na taya limekaza. Ndugu huamini amerogwa au hospitali imemtia sumu. Huku ni kukaza kwa misuli kunakosababishwa na dawa. Hutokea katika siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, na hutulia kwa muda mfupi akipewa benzheksoli au sindano inayofaa. Laiti kila familia ingeambiwa hayo kabla ya sindano. Kukaza mwili mzima pamoja na homa kali na kuchanganyikiwa, hata hivyo, ni jambo jingine, nalo halingoji asubuhi. Olanzapini, dawa nyingine ya kutuliza mania, haikazi misuli sana, lakini huongeza hamu ya kula, uzito na sukari ya damu, hivyo uzito uandikwe tangu siku ya kwanza.

Katika dawa za sonona, fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu cha siku chache na kupunguza hamu ya tendo la ndoa, ilhali amitriptilini hukausha mdomo, huleta usingizi na kufunga choo. Madhara huja mapema kuliko faida: nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwani mawazo ya kujiua huweza kuongezeka kabla ya nafuu. Amitriptilini nyingi kwa mkupuo huua kwa kuuvuruga moyo. Akiwapo nyumbani mtu aliyetaja kufa, vidonge vitunzwe na mwingine, naye aulizwe waziwazi kuhusu mawazo hayo, kwa maana kuuliza hakumpandikizii wazo. Waragi (pombe kali) na mairungi (miraa) viwekwe kando: cha kwanza huzidisha usingizi na huzuni, cha pili huweza kuamsha mania.

Watu huniuliza kama dawa hizi zinaleta uraibu. Za sonona na za bipola hazileti, ingawa kuziacha ghafla huweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi au kurudi kwa ugonjwa. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, ndiyo inayozoesha, na isitumike kwa miezi. Kwa sonona ya mara ya kwanza, tiba huendelea kwa miezi 6 hadi 9 baada ya kupona, na kwa bipola huwa ni ya miaka mingi.

Si lazima kufika Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala. Hospitali za rufaa za mikoa, kama za Arua, Gulu, Mbarara na Mbale, zina vitengo vya afya ya akili, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1964, inatambua haki za mgonjwa katika matibabu yake, ikiwemo suala la ridhaa. Uliza jina la kila kidonge na uliandike daftarini. Hesabu vidonge vinapobaki vya siku 10, na ukisikia kwamba stoo ya kituo imeishiwa, rudi kwa aliyekuandikia akubadilishie mpango wakati bado una cha kumeza.