Je, wajua? Feni haipozi chumba

Ukifika Mombasa na begi mgongoni na pesa za kuhesabu, swali la kwanza utakaloulizwa gesti ni hili: chumba cha feni au cha kiyoyozi? Tofauti ya bei kwa usiku mmoja yaweza kukulisha mahamri na mbaazi siku nzima, kwa hiyo mimi siku zote nilichukua cha feni. Kila asubuhi nikitoka kuzunguka Mji wa Kale niliiacha ikizunguka, madirisha nimeyafunga, ili nikirudi nikute chumba kimepoa.

Nilikosea, na nimekuta wengi wanaokosea vivyo hivyo, wakiwemo wenye gesti wenyewe. Feni haipozi hewa hata kidogo. Kiyoyozi hulichukua joto la chumbani na kulitupa nje. Ndiyo maana kina kisanduku cha pili upande wa nje wa ukuta, kinachopuliza hewa ya moto. Feni haina pa kulitupa. Tena inaliongeza: feni ya kawaida ya dari hula umeme wa wati 50 hadi 80 hivi, na karibu wote huishia kuwa joto humo humo ndani. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la kadiri hiyo hiyo. Kwa hivyo, kila nilipoiacha feni ikizunguka ndani ya chumba kilichofungwa, ni kana kwamba nilimlaza humo mgeni wa pili mchana kutwa.

Siku moja nilitundika kipima joto chini ya feni. Kabla ya kuiwasha kilisoma nyuzi 31. Baada ya saa nzima kilisoma 31 ile ile. Kisha nikakifunga ncha kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Kikaanza kushuka, kikatulia kwenye 27.

Jambo lote limo katika kile kitambaa. Feni haimpozi mtu kwa kupoza hewa. Humpoza kwa kukausha jasho lake. Maji yanapogeuka mvuke hunyakua joto pale yalipo, na joto hilo ni jingi ajabu: kukausha lita moja ya jasho kunahitaji joto zaidi ya mara saba ya lile la kuchemsha lita moja ya maji ya bomba hadi yatokote. Mtungi wa udongo hupoza maji ya kunywa kwa njia hii hii, kwa kutoa jasho kupitia udongo wake.

Sasa, kwa nini jasho lihitaji upepo? Fikiria stendi ya matatu. Abiria ni mvuke unaotaka kutoka mwilini, na matatu ni utando mwembamba wa hewa uliogusana na ngozi. Matatu ikishajaa, hapandi mtu mpaka iondoke na nyingine ije. Chumbani pasipo upepo, gari lililojaa halibanduki: jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho linalodondokea shuka halijakupoza. Feni ndiyo inayoliondoa gari lililojaa na kuleta lenye nafasi.

Mombasa ina shida yake. Kaskazi inapoishia, mwezi Machi, unyevu wa hewa mara nyingi huwa asilimia 75 au zaidi, maana yake hata matatu mpya inaingia stendi ikiwa robo tatu imeshajaa. Yanahitajika magari mengi, yanayopita upesi. Kule Garissa, kwenye hewa kavu zaidi, magari huja na nafasi nyingi zaidi, na hata upepo mdogo unatosha. Nililiona jambo hili kuwa kinyume cha nilivyodhani: ni kwenye hewa nzito ya pwani ndiko mwili unakoihitaji feni zaidi.

Hata hivyo kuna mpaka. Ngozi huwa na joto la nyuzi 34 au 35 hivi. Hewa ikizidi hapo, feni inakupulizia joto huku ikikausha jasho, na lazima kimoja kishinde. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike joto likiwa chini ya nyuzi 40. Katika majaribio ya maabara, feni iliwasaidia watu kwenye joto la 40 lenye unyevu, lakini kwenye hewa kavu ya nyuzi 47 ikawazidishia taabu. Waliopimwa walikuwa wanaume wachache, vijana na wazima wa afya. Mzee hutoa jasho kidogo, kwa hiyo nisingemwekea mpaka huo huo. Mchana wa Machi Mombasa huwa nyuzi 32 au 33, na usiku hushuka zaidi, kwa hiyo msafiri kijana yuko mahali salama.

Zanzibar na Dar es Salaam feni ya dari huitwa pangaboi, jina lililobaki kutokana na panka ya Kihindi, yaani pepeo kubwa la kutundikwa darini, na kijana (boi) aliyekuwa akiivuta kwa kamba. Kijana yule hakuwa na sababu ya kuvuta kamba chumbani pasipo mtu.

Basi ukitoka, izime. Ukirudi jioni, fungua dirisha kwanza, hewa ya chumbani itoke. Chandarua hupunguza upepo lakini usikiache. Omba feni ya kusimama, isogeze karibu na kitanda. Usiku ukiwa mzito kabisa, lowesha leso, ikamue vizuri, jifunike, na uielekeze feni kwako.