Kongamano la wapiga picha: dhana zinazomla mtu nauli

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Mpiga picha wa Mwanga au Ujiji anayefunga safari kwenda kongamano la fani yake, awe anaishia Dar au anapitiliza hadi Nairobi, ameshafunga studio, ameshakataa harusi za Jumamosi hiyo, na bado kuna malazi na kiingilio. Kwa gharama hiyo, baadhi ya mawazo tunayokwenda nayo ni ghali mno.

Dhana: Unakwenda kuona vifaa na kununua

Hii ndiyo kubwa, na ndiyo inayomaliza pesa siku ya kwanza. Maonyesho ya vifaa vya picha yaliyovuma kuliko yote, Photokina ya Köln, Ujerumani, yalianza mwaka 1950, na mwaka 2020 waandaaji wenyewe wakatangaza kuyasimamisha. Soko lilikuwa limebadilika: kamera za kidijitali zilizotoka kwenye viwanda vikubwa, vingi vya Japani, zilizidi milioni 120 mwaka 2010, lakini mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Simu imechukua wateja wengi, na sifa za lenzi unazisoma ukiwa umekaa zako Mwanga.

Kilichobaki bandani ni kukishika kitu kwa mkono wako. Nenda na kamera yako na memori kadi tupu. Omba kuifunga ile lenzi unayoitamani, halafu achana na maua yaliyopangwa chini ya taa nzuri. Msimamishe mwenzako kwenye kona yenye giza umpige hapo, maana kumbi zetu za sendofu ndivyo zilivyo. Usiku zifungue picha kwenye kompyuta, uzikuze, ndipo uamue. Muuzaji naye muulize swali asilolipenda: ikiharibika inatengenezewa wapi, na gharama ya kuituma ni ya nani? Banda la kampuni ya kamera likiwa linasafisha sensa, ile sehemu ya ndani ya kamera inayopokea mwanga, panga foleni mapema. Kwa anayepiga picha kwenye vumbi la kiangazi, hiyo ni faida ya kweli.

Dhana: Ukihudhuria kila kipindi ndiyo umefaidi

Ukijaza siku nzima unarudi na daftari ambalo hulifungui tena. Chagua vipindi kwa kuangalia kazi zilizokusumbua mwaka huu. Chukua bibi harusi mwenye ngozi nyeusi ndani ya gauni jeupe, tatizo la kila wiki hapa kwetu. Kipima mwanga cha kamera hukadiria kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Gauni likijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na uso unazama. Ukiongeza mwanga ovyo, lesi yote inapotea. Ukiwa na picha zako tano zilizoharibika hivyo kwenye simu, mfuate mwalimu baada ya kipindi umwonyeshe. Mazungumzo hayo mafupi yatakusaidia kuliko vipindi vitatu vya kusikiliza tu.

Na zile picha za mwanamitindo aliyepangwa na mwalimu, chini ya taa za mwalimu? Piga ujifunze. Kuziweka kwenye ukurasa wako kama kazi yako ni kumdanganya mteja, atakayetaka zilezile siku ya harusi yake.

Dhana: Sisi wa mikoani hatuna cha kuonyesha

Mpiga picha Hugo van Lawick alifika Gombe, hapa Kigoma, mwaka 1962 kupiga picha za utafiti wa Jane Goodall kuhusu sokwe, na picha hizo zikazunguka dunia. Bamako ina maonyesho yake ya picha za Kiafrika tangu 1994, Addis Ababa tangu 2010. Macho ya kutazama kazi zetu yapo. Shida huwa ni uchaguzi. Mkaguzi, yaani mtaalamu anayepitia kazi za wapiga picha pale kongamanoni, akikupa dakika ishirini, usimletee picha mia mbili. Ishirini zinatosha, zikiwa zimechapishwa ni bora zaidi. Machweo ya ziwa yaache nyumbani, kila aliyepita Kigoma anayo. Peleka wavuvi wa dagaa na taa zao usiku wa giza, peleka pilikapilika za asubuhi pale Kibirizi wakati mzigo unashuka. Akikosoa, usijitetee. Andika.

Dhana: Mpiga picha mwenzako ni mshindani

Harusi mbili zikiangukia Jumamosi moja, au flashi ikifa saa mbili kabla ya kanisa, utampigia nani? Tafuteni wenzenu wa Tabora na Mwanza, mpeane kazi familia ya mteja inapokuwa na sherehe kote kuwili, na bei mkubaliane mapema. Kadi za biashara huishia kwenye mfuko wa begi, kwa hiyo mtumie uliyekutana naye ujumbe ndani ya wiki hiyohiyo, ukitaja mlichozungumza, kabla hajasahau sura yako.