Vibarua wa wakala Arusha na Moshi: yanayosemwa getini na yaliyomo kwenye sheria

Kwenye mashamba ya maua ya Usa River, viwanda vya Njiro na hoteli za Moshi, watu wengi wanaingia kazini kupitia wakala: yeye anasainisha, kampuni inapanga zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawahusu kama inavyomhusu mhasibu wa ofisini, ila getini yanasemwa mengine.

"Mkataba wa miezi mitatu ukiisha, hesabu inaanza upya"

Hii ndiyo inayowapotezea watu haki kuliko zote. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali inataka uwe umefikisha miezi 6 kwa mwajiri yule yule, na sheria imeweka wazi: iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Mpakiaji wa maua aliyesaini Januari hadi Machi, akasaini tena Aprili hadi Juni, kisha akaendelea Julai, ameshavuka. Kumwondoa katikati ya Julai kunahitaji sababu halali pamoja na utaratibu. Kama ni tuhuma, aelezwe, apewe nafasi ya kujitetea, na uamuzi utolewe baada ya hapo. Msimamizi kumwambia "kesho usije" si utaratibu.

Hata kutoongezewa mkataba kunaweza kuhesabika kuwa ni kuachishwa, endapo ulikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuongezewa. Hapa wengi wanakwama kwenye ushahidi. Kusema "nilijua wataniita" hakutoshi. Mkataba uliohuishwa mara kadhaa kwa masharti yale yale unasaidia, na ratiba ya mwezi ujao yenye jina lako, iliyobandikwa ukutani, inasaidia zaidi. Ipige picha siku ile ile, maana ikibanduliwa haipatikani tena.

Tatizo lipo kwenye maneno "mwajiri yule yule". Wakala akiondoka na mwingine akaja na fomu mpya, kazi ile ile na meza ile ile, upande wa pili utadai miezi yako imeanza kuhesabiwa upya. Ndiyo maana swali linalofuata ni zito.

"Bosi wako ni wakala, kampuni haihusiki"

Karatasi peke yake haimalizi swali la nani mwajiri. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, inamchukulia mtu kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya haya: namna anavyofanya kazi au saa zake zinasimamiwa na anayemtumia, ni sehemu ya taasisi hiyo, anapewa vifaa vya kazi, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, anafanya kazi kwa mtu huyo mmoja tu, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa 45 ni siku tano za saa tisa. Kibarua wa kiwandani anazimaliza kabla wiki haijaisha.

Mwaka 2014 zilitoka pia kanuni za mawakala binafsi wa ajira, baada ya kelele za muda mrefu kuhusu wafanyakazi wa kukodishwa. Kwa hiyo ukifungua mgogoro, usibahatishe: andika wakala na kampuni, wote wawili, kwa majina kamili ya usajili. Jina la kwenye kibao cha barabarani mara nyingi ni la biashara tu, na tuzo (yaani uamuzi wa mgogoro) iliyotolewa dhidi ya jina lisilo sahihi inasumbua sana kukazia, yaani kuifanya itekelezwe. Majina yatafute kwenye hati ya mshahara, kitambulisho cha kazi, ujumbe wa malipo ya simu na taarifa ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Hiyo taarifa itakuonyesha pia nani alikuwa anachangia, na kama alichangia kweli.

"Sina mkataba wa maandishi, sina kesi"

Ni kinyume. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye.

"Chini ya miezi sita huna chako"

Unachokosa ni madai ya kuachishwa isivyo halali. Mengine yapo: saa za ziada kwa mara moja na nusu, nyongeza ya 5% kwa kazi ya usiku kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi (walinzi, hili ni lenu), hati ya utumishi na notisi. Notisi ni siku 7 katika mwezi wa kwanza. Baada ya hapo ni siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi.

Likizo ya malipo kwa kawaida inasubiri miezi 6, lakini wa msimu hasubiri. Na aliyeitwa zaidi ya mara moja na mwajiri mmoja, tuseme miezi 3 ya mwanzo wa mwaka na miezi 4 kuanzia Juni, anajumlisha: miezi 7, haki ipo. Ukiondoka kabla ya kuichukua, hesabu ni mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi.

"Nitaenda CMA mambo yakitulia"

CMA ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, panapopelekwa migogoro ya kazi. Mambo hayatulii ndani ya siku 30, na siku 30 ndizo ulizonazo tangu kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara uliozuiwa, yana siku 60. Unajaza fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nakala unampelekea mwajiri kwanza na kupata saini au muhuri wa kupokea, kisha unaiwasilisha ofisi ya Tume, Arusha au Moshi, pamoja na uthibitisho huo. Akikataa kusaini, tuma kwa rejista ya posta na utunze risiti. Ukichelewa, utaomba kuongezewa muda na kueleza sababu, na kumsubiri wakala aliyeahidi "tutakupigia" ni sababu dhaifu.