Kanuni za Uchawi katika Michezo ya Mezani: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi wanaoanza kubuni kanuni za uchawi kwa ajili ya michezo ya kuigiza ya mezani, ambayo kila mchezaji huigiza mhusika wake na mwongozaji husimulia yanayotokea, huamini kwamba utaratibu wa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao humpa mchawi nafasi chache za uchawi kwa siku na kumpotezea moja kila anapozitumia, ndio wa asili, na kwamba utaratibu wa akiba ya nguvu, ambao kila tendo la kichawi hulipiwa kwa alama kadhaa, ulikuja baadaye sana ili kuusahihisha. Ukweli ni kwamba taratibu hizo mbili ni marika. D&D ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka Marekani mwaka 1974, na mwaka 1975 Ken St. Andre akatoa Tunnels & Trolls, ambamo mchawi hulipia matendo yake kwa alama za nguvu za mwili wake mwenyewe, akazidi kudhoofika mpaka apate kupumzika.

Vilevile si kweli kwamba nafasi za uchawi zilitokana na hesabu ya kusawazisha wahusika. Gygax aliitoa fikra hiyo katika hadithi za mwandishi Jack Vance, ambamo mchawi hukariri maneno yake kwa taabu, na yakishatamkwa hufutika akilini. Nayo baadhi ya matendo mashuhuri ya mchawi yana nasaba nyingine kabisa. Katika Chainmail, kanuni za vita vya vinyago (majeshi ya sanamu ndogo yanayopiganishwa mezani) zilizotoka mwaka 1971, mchawi aliingizwa uwanjani afanye kazi ya silaha nzito, na tufe lake la moto likapewa eneo sawa na lile la manati kubwa ya kivita. Ndiyo maana hadi leo tufe hilo huelezwa kama unavyoelezwa mzinga: masafa yake, nusu kipenyo chake cha futi 20, na idadi ya dadu zinazorushwa kupata madhara yake. Kitabu cha wachezaji wa Advanced D&D cha mwaka 1978 kilisema hata kwamba moto huo hujaza nafasi ya futi za ujazo zipatazo 33,000, kwa hiyo ukirushwa katika ukumbi wenye dari fupi husambaa kwenye ushoroba hadi ukamrudia aliyeurusha. Mbunifu anayenakili tendo hilo bila kujua lilikotoka hunakili na vita vya vinyago pamoja nalo, hata kama mchezo wake unahusu fitina za ikulu.

Kosa ambalo mimi naliona kubwa kuliko mengine ni kudhani kwamba gharama ya uchawi ni ile namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mhusika. Nafasi 2 au nafasi 20 hazina maana yoyote mpaka ijulikane ni mambo mangapi yatatokea kati ya pumziko moja na jingine. Kitabu cha mwongozaji cha toleo la tano la D&D, la mwaka 2014, kilikadiria kwamba kundi la wahusika linaweza kukabili mapambano 6 hadi 8 ya wastani au magumu kwa siku moja ya mchezo. Kundi linalopigana mara moja kisha likatandika na kulala limemfutia mchawi gharama yake yote: anarusha kila alicho nacho, na mpiganaji, ambaye sifa yake ni kwamba upanga haumwishii, hapati nafasi ya kuionyesha sifa hiyo. Baadaye watu hulalamika kwamba mchawi amependelewa, wakampunguzia madhara ya matendo yake, ilhali kilichoharibika ni ratiba. Mbunifu aliyechagua nafasi za uchawi anapaswa kuandika pia nani huamua muda wa kupumzika, na ni jambo gani huendelea kwenda mbele wakati wahusika wamelala.

Dhana nyingine ni ile ya kupima tendo kwa madhara linayomletea adui. Katika toleo hilo la tano tufe la moto ni tendo la ngazi ya tatu, lenye dadu 8 za pande sita, yaani wastani wa alama 28. Katika ngazi hiyo hiyo limo tendo la kuumba chakula na maji, linalowatosha watu 15 kwa siku nzima, na tendo la kusema na maiti, linaloruhusu maswali 5. Tufe huamua pambano moja. Tendo la chakula huiondoa njaa katika safari yote ya jangwani, na lile la maiti laweza kuumaliza upelelezi wa mauaji kabla haujaanza. Swali la kuulizwa juu ya kila tendo, basi, ni tatizo gani halitakuwa tatizo tena mara mchezaji akishalipata.

Waandishi wa D&D walilijua hilo, na masharti waliyoweka yanastahili kusomwa kwa makini kuliko jedwali lolote la madhara. Maiti lazima awe bado na kinywa. Akishaulizwa hawezi kuulizwa tena mpaka zipite siku 10. Majibu yake huwa mafupi na mara nyingi ya mafumbo. Tena halazimiki kusema kweli mbele ya anayemtambua kuwa ni adui yake. Sharti la kinywa ni la maneno machache tu, lakini tazama linavyozaa visa: katika nchi ambayo watu wanalijua, muuaji mzoefu haondoki bila kung'oa taya la marehemu, na mpelelezi anayekuta maiti asiye na taya ameshajua jambo moja kuhusu aliyemuua.

Wapo pia wanaoamini kwamba uchawi uliozidi nguvu hurekebishwa kwa kuutia hatari ya bahati, kwa mfano kwamba dadu ya pande 20 ikitoa 1 mchawi anawaunguza wenzake. Hesabu haiwaungi mkono. Hatari hiyo ni asilimia 5 kwa kila tendo, lakini uwezekano wa kupatwa nayo angalau mara moja katika matendo 10 ni kama asilimia 40, na katika matendo 20 ni kama 64. Adui anayetokea katika pambano moja na kutenda mara tatu mara nyingi atapita salama, ilhali mhusika wa mchezaji, anayerudi mezani mwezi baada ya mwezi, hana pa kukimbilia. Kanuni iliyokusudiwa kuwabana wachawi wote huishia kuwabana wachezaji peke yao. Dungeon Crawl Classics, mchezo wa mwaka 2012, umeikumbatia bahati ya namna hiyo na ukafanikiwa kwa sababu mchezo mzima umejengwa juu yake: kila mchezaji huanza na watu wa kawaida kadhaa wa ngazi ya sifuri ambao wengi wao hufa mapema, kwa hiyo hakuna anayeshtuka baadaye mchawi wake anapoharibika umbo.

Kuhusu uhuru, husemwa kwamba kumwachia mchezaji abuni matendo yake papo hapo ni kazi nyepesi kuliko kuandika orodha ya matendo mia tatu. Ars Magica, mchezo wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen wa mwaka 1987, unaonyesha vinginevyo. Humo mchawi huunganisha vitenzi 5 vya Kilatini, kama vile kuumba na kuharibu, na majina 10, kama vile moto, maji na akili, akapata michanganyiko 50. Muhtasari huo hukaa katika ukurasa mmoja, lakini ili uchezeke ilibidi yaandikwe majedwali ya ugumu, masafa na muda, pamoja na mipaka isiyovukwa, mmojawapo ukiwa kwamba uchawi haumrudishii uhai aliyekufa. Pasipo majedwali hayo kazi huwa haijapungua. Imehamia kwa mwongozaji, ambaye huifanya huku watu watano wakimsubiri.

Dhana kwamba uchawi lazima uwe mali ya kundi moja la wahusika haihitaji maneno mengi: RuneQuest ya mwaka 1978 iliwapa uchawi takriban wahusika wote, pamoja na washika mikuki.

Iliyobaki ni dhana inayotugusa sisi tunaobuni kwa Kiswahili, kwamba ukibadilisha majina umebadilisha uchawi. Mtu huchukua nafasi za uchawi zilezile, akaweka jini mahali pa tufe la moto, akaongeza ubani na udi, akadhani amepata uchawi wa Pwani. Katika kupunga pepo, kwa jinsi kunavyojulikana Pwani, mzimu au pepo humpanda aliye kiti chake, akajitaja na kudai haja zake kwa kinywa cha mtu huyo, naye mganga akajadiliana naye mpaka wakubaliane. Mbunifu anayetaka hilo lionekane mezani anahitaji kanuni za mapatano: pepo anadai nini, ni nani anayeruhusiwa kusema naye, deni hulipwa lini, na nini humpata aliye kiti pale ahadi inapovunjwa. Nafasi tatu za uchawi kwa siku hazijibu hata swali moja kati ya hayo.