Je, wajua? Majani ya mipaini hayauchachui udongo wa bustani yako

Kipupwe kikiingia Njombe na Mufindi, kati ya Juni na Agosti, mvua imekata na asubuhi sakitu imelala mabondeni. Mwenye matuta ya kabichi au sukuma wiki hutafuta matandazo ya kutunza unyevu. Nyasi zinagombewa na ng'ombe. Kilichojaa bwerere ni majani makavu ya mipaini, yale membamba kama sindano. Ila wengi wanayaogopa: yana tindikali, wanasema, yataharibu udongo.

Hofu hiyo ina chanzo. Jani bichi la mpaini lina pH (kipimo cha tindikali: namba ikiwa ndogo, tindikali ni nyingi) kati ya 3 na 4, na mboga nyingi hupenda udongo wa 6 hadi 7. Tena pH ikishuka kutoka 6 hadi 5, tindikali imeongezeka mara kumi. Lakini jani likikauka na kuanza kuoza, vijidudu vya udongo huivunjavunja tindikali ile kadiri wanavyolila. Fukua kwa vidole matandazo yaliyokaa msimu mzima. Juu majani bado ni ya kahawia na makavu. Chini yamelegea, meusi, yameshikana kwa nyuzi nyeupe za ukungu. Chini zaidi kuna udongo mbichi wenye minyoo. Athari ya tindikali, ikiwepo, ni ndogo na huishia sentimita chache za juu.

Basi mbona udongo wa nyanda hizi ni mchachu? Tazama mvua kwanza: zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, karne kwa karne, imeosha kalisi na magnesi, madini yanayozuia uchachu. Halafu tazama mfuko wa mbolea. Amonia iliyomo kwenye SA (mbolea ya salfeti ya amonia), na ile itokanayo na urea, hugeuzwa na bakteria kuwa naitreti, na kazi hiyo huacha tindikali nyuma yake. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hufungwa mmea usiipate. Hapo dawa ni chokaa ya kilimo. Kuondoa matandazo hakusaidii kitu.

Na ile kabichi iliyogeuka manjano baada ya kuwekewa majani ya mipaini? Mara nyingi yalifukiwa kwa jembe. Majani haya yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, kwa hiyo vijidudu wanaoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongoni, na mboga inabaki na njaa. Huu ndio mkanganyiko unaonisikitisha zaidi, maana mkulima hulaumu tindikali, akaacha matuta wazi jua liyakaushe.

Yatandaze juu tu, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Ukitaka kulima tena, yakusanye pembeni kwa reki kwanza. Na kabla ya kununua chokaa, chota udongo sehemu kadhaa za bustani, kina cha sentimita 20, uchanganye, upeleke ukapimwe.